Sentensi Moja Kutoka Mlangoni

Hotuba kwa wauguzi na wakunga, Mwanza, Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, walimu wa vyuo, wauguzi na wakunga wenzangu, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Nimeombwa nizungumze kuhusu uuguzi mtandao, yaani muuguzi aliye mbali kumsaidia muuguzi aliye wodini na mgonjwa aliye kitandani. Nitaanza na usiku mmoja wa mwaka 1986, kwa sababu karibu yote ninayoyaamini kuhusu jambo hili nilianza kuyaamini usiku ule.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Kituo kilikuwa katika kisiwa kimoja cha ziwa letu. Zamu ya usiku nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja wa wodi, mama wa makamo aliyeishia darasa la nne. Saa saba usiku mama mmoja alijifungua salama, mtoto akalia vizuri, kondo la nyuma likatoka. Nikamfunika mtoto. Nilipogeuka, khanga iliyokuwa chini ya mama ilikuwa imelowa damu yote. Nikaibadilisha, ikalowa tena. Nikachoma sindano ya kukaza kizazi. Nikasugua tumbo kama nilivyofundishwa. Kizazi kikawa kinakaza kidogo, halafu kinalegea tena chini ya kiganja changu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji, na kwa upepo wa usiku ule hakuna mvuvi ambaye angethubutu kutia mtumbwi majini. Simu hakuna.

Nilikuwa nimefaulu vizuri mtihani wa ukunga. Nilijua kila hatua. Lakini hofu ilikuwa imenishika, na mtu aliyeshikwa na hofu hurudia jambo lile lile moja analolikumbuka. Nikawa nasugua tu, nasugua. Yule mhudumu alikuwa amesimama mlangoni ameshika taa ya chemli. Akasema taratibu, "Sista, huyu mama hajakojoa tangu jioni."

Alisema hayo tu. Kila mkunga aliye hapa ameshaelewa. Kibofu kikijaa, kizazi hakikazi, hata ukisugua hadi kuche. Nikaweka mpira wa mkojo, ukatoka mkojo mwingi, na kizazi kikawa kigumu chini ya mkono wangu. Damu ikapungua. Asubuhi yule mama alikunywa uji, akaniuliza kama mtoto amenyonya.

Kwa miaka mingi nimejiuliza ni nini hasa kilichomwokoa. Mikono ilikuwepo, dawa ilikuwepo, mpira wa mkojo ulikuwepo kabatini. Kilichokuwa kimepungua ni mtu mmoja aliyetulia, aliyewahi kuona jambo lile mara nyingi, akiwa karibu kiasi cha kunisemesha. Mimi nilibahatika, naye alikuwa mlangoni. Wauguzi wangapi wa zamu ya usiku leo, visiwani Ukara, Kome, Maisome, au hata ghorofa ya juu ya hospitali kubwa hapa mjini, hawana mtu mlangoni?

Kwa hiyo nikisikia uuguzi mtandao, kamera na vioo vya kompyuta havinijii kwanza akilini. Anayenijia ni yule mama na chemli yake.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe linafanywaje kule lilikokomaa. Marekani walianza na chumba cha wagonjwa mahututi, yaani ICU. Mwaka 2000 hospitali za Sentara, huko Norfolk katika jimbo la Virginia, ziliweka kituo ambapo daktari na wauguzi wazoefu wa ICU walikaa mbele ya vioo, wakifuatilia wagonjwa wa vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, mapigo ya moyo, presha, oksijeni, na kuzungumza na wauguzi walioko kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 2015 shirika la Mercy lilijenga karibu na St. Louis jengo zima la huduma za namna hiyo. Jengo la hospitali, wauguzi ndani, na kitanda hakuna hata kimoja, kwa sababu wagonjwa wako kwingine. Kisha ikaja Uviko-19. Wauguzi wengi walichoka, wengine wakaacha kazi, na hospitali za kule zikaanza kumpeleka muuguzi wa mbali hata kwenye wodi za kawaida.

Anafanya nini huko wodini? Mgonjwa akilazwa, anatokea kwenye kioo, anamsalimu, anachukua historia yake yote: anaumwa tangu lini, anatumia dawa gani nyumbani, dawa gani inamdhuru, anaishi na nani. Anajaza faili. Muuguzi wa kitandani akitaka kutoa dawa yenye hatari kama insulini, au kuongeza damu, aliye mbali anahakiki naye kipimo. Muuguzi mpya akikwama, anauliza. Mgonjwa anayetaka kushuka kitandani na miguu haina nguvu, aliye mbali anamwona na kuita wodini kabla hajaanguka. Na siku ya kuruhusiwa, anakaa naye kumfundisha namna ya kuishi na ugonjwa wake nyumbani. Kumgeuza mgonjwa, kumsafisha, kufunga kidonda, kuweka drip, kunusa kidonda kama kimeoza, hayo hayawezi. Hayo ni ya mikono na pua vilivyopo pale.

Huenda wapo mnaosema hayo ni ya nchi zenye fedha. Ngojeni kidogo. Asubuhi hii tumewasha mishumaa na kurudia kiapo chetu, kwa kumkumbuka Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, na taa yake huko Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea. Tunaikumbuka taa. Lakini vita ile iliisha mwaka 1856, naye aliishi hadi 1910. Alifanya nini miaka yote hiyo? Kuanzia mwaka 1857 afya yake ilivunjika, na kwa muda mrefu wa maisha yake alifanya kazi akiwa kitandani au chumbani kwake. Kutoka humo aliandika barua kwa maelfu. Aliletewa takwimu za hospitali na kambi, akazichambua, akawaandikia wakuu na wauguzi nini kirekebishwe. Alishughulikia afya ya watu wa India, maji yao na mitaro yao, kwa miongo kadhaa, na India hakuwahi kuikanyaga. Yule tunayemwashia mishumaa, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa njia ya posta.

Na sisi wenyewe wa Kanda ya Ziwa hatuanzi sifuri. Mnaufahamu mfumo wa m-mama. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115 bure, anapokea mtu aliyefunzwa, anauliza maswali ya hatari moja baada ya jingine, anaamua mama apelekwe wapi, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anaitwa dereva wa kijijini ambaye amesajiliwa na atalipwa kwa simu. Mfumo huu ulijaribiwa kwetu huku, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kupelekwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022. Yule anayepokea simu ya 115 haoni damu wala hashiki tumbo. Anauliza, anasikiliza, anaamua. Vifo vya akina mama nchini, kwa tafiti za kitaifa, vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na utafiti wa 2022 ukapata 104. Yamefanya kazi mambo mengi hapo, vituo, dawa, damu salama, na jasho lenu. Ninachosema ni kwamba wananchi wetu wameshazoea kuamini sauti ya mtaalamu wasiyemwona. Hilo ni mtaji.

Niseme ukweli, na ukweli unaoniuma zaidi hautoki kwenye leba, unatoka mlangoni pa wodi siku ya mgonjwa kuruhusiwa.

Nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa wodi katika hospitali moja. Wagonjwa zaidi ya arobaini, wauguzi wawili. Raundi ya madaktari inaisha saa sita, wanaandika ruhusa za watu kumi kwa mpigo. Hapo ndugu wameshafika, bodaboda inasubiri getini, meli haimngoji mtu. Kati ya wale kumi alikuwemo mzee mvuvi wa visiwani, ametoka kugundulika kuwa na kisukari, anaanza insulini. Nilimfundisha kwa dakika tano. Namna ya kuvuta dawa, namna ya kuchoma, asubuhi na jioni. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, sista." Nikaridhika. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia samaki. Lugha aliyoielewa moyoni ilikuwa Kikerewe, nami sikijui.

Baada ya wiki tatu alirudishwa amebebwa. Sukari ilikuwa juu hata mashine ikashindwa kuisoma. Mguu una kidonda. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hukuchoma dawa? Mwanawe akafungua mfuko wa rambo, akanionyesha. Alichoma. Asubuhi na jioni, hakukosa hata siku moja, alikuwa akiweka alama za mkaa ukutani. Ila chupa ya insulini aliitundika kwenye mwamba wa paa, chini ya bati, ili watoto wasiifikie. Nyumba ya bati, ufukweni, jua la mchana. Insulini ikipikwa na joto inaharibika, inabaki maji tu. Mzee alijichoma maji kwa wiki tatu kwa uaminifu wote.

Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia dawa ikae wapi kwa sababu sikumuuliza anaishi wapi na anaishije. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Alinisalimia vizuri hadi siku ya kuondoka, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Ninapofikiria uuguzi mtandao, nafikiria nusu saa ambayo mimi sikuwa nayo. Mimi nikiwa naendelea kuchoma sindano za saa sita, kishikwambi kingewekwa kwenye kistuli mbele ya yule mzee na mwanawe. Upande wa pili awepo muuguzi mtu mzima anayejua Kikerewe, aliyekaa kitini, asiyeitwa na kengele ya mgonjwa mwingine. Aanze kwa kuuliza habari za ziwa. Aulize mnaishi wangapi, nani anapika, umeme upo, maji ya kunywa mnayaweka wapi. Kwenye mtungi? Basi vizuri, dawa itakaa hapo hapo penye ubaridi: chupa ndani ya kikombe kikavu chenye mfuniko, kikombe ndani ya chungu chenye mchanga wenye unyevu, chungu kivulini. Halafu aseme, "Haya baba, sasa nifundishe wewe mimi. Nikifika kwako kesho nitaikuta wapi dawa?" Mgonjwa akieleza kwa maneno yake mwenyewe, hapo umejua ameelewa. "Ndiyo, sista" haijawahi kuwa ushahidi wa chochote.

Nisisitize hili la lugha, maana sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Kanda yetu ina Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wakurya, Wahaya, Waha. Hakuna wodi inayoweza kuwa na muuguzi wa kila lugha kwa kila zamu. Lakini Kanda nzima inao. Simu inaweza kumtoa msemaji wa Kijita Musoma na kumweka kando ya kitanda cha bibi aliyelazwa Mwanza, asubuhi hiyo hiyo, bila nauli.

Na kuna jambo la kwetu ambalo wenzetu wa mbali hawakulipangia. Wao wanaweka kamera kwa sababu mgonjwa yuko peke yake chumbani. Wetu hayuko peke yake. Pembeni yake, au nje chini ya mti akisubiri saa ya kuona wagonjwa, yupo ndugu: shangazi, binti, mke mwenza, aliyekuja na chupa ya uji na mkeka. Huyu ndiye atakayekuwa muuguzi akifika nyumbani, na mara nyingi tunamtoa nje wakati tunafundisha. Muuguzi wa mbali afundishe hawa wawili kwa pamoja. Tena ampigie huyo ndugu siku ya tatu na siku ya saba baada ya kwenda nyumbani. Mzee wangu angepigiwa siku ya tatu, tungeijua habari ya bati.

Sasa, huyu muuguzi mtu mzima aliyetulia, mwenye Kikerewe na uzoefu wa miaka thelathini, anatoka wapi? Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipopanda jukwaani.

Ametoka kazini. Anafuga kuku Buhongwa. Ana bustani ya mchicha Kisesa. Sheria ya utumishi inamstaafisha akiwa na miaka 60, na siku hiyo tunampa mashuka na cheti, tunapiga picha, na maarifa yote aliyovuna usiku elfu moja wa leba yanakwenda naye kwenye daladala. Magoti hayawezi tena kusimama zamu ya saa kumi na mbili. Mgongo hauwezi tena kumwinua mgonjwa. Lakini jicho linaloona mtoto anapumua vibaya kabla mashine haijasema, hilo halijastaafu. Sikio linalosikia mkunga ameogopa, hilo liko palepale. Shirika la Afya Duniani limehesabu wauguzi milioni 29.8 ulimwenguni mwaka 2023, na pengo la milioni 5.8. Wenye fedha wanaziba pengo lao kwa kuchukua wauguzi wa wenye shida. Sisi tutaziba letu na nani, ikiwa hata walio wetu tunawaaga tukiwa bado tunawahitaji?

Pendekezo langu ni la kuanza nalo dogo. Namba moja ya simu, ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Wastaafu wanaipokea kwa zamu, wawili kila usiku, mmoja mkunga na mmoja wa wodi za kawaida. Anayepiga ni muuguzi wa zahanati au kituo cha afya cha Ukerewe, Sengerema, Magu, Misungwi, Kwimba, au mtarajali, yaani muuguzi mpya aliye kwenye mafunzo ya kazi, wodini hapa hapa Nyamagana na Ilemela. Hakuna kinachojengwa. Ikifanya kazi kwa simu, ndipo twende kwenye kishikwambi cha kuwaonyesha kidonda na chati, na ICU ya hospitali ya rufaa ikiwa na uwezo itaamua habari ya kamera zake. Wengi huanza na mashine, kisha wanatafuta mtu wa kuikalia. Tuanze na mtu.

Lakini nina masharti, na nitayasema mbele ya mgeni rasmi ili yaingie kwenye kumbukumbu.

Wastaafu hawa wawe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wahudhurie mafunzo kama wengine. Uzoefu wa 1986 pekee hautoshi. Dozi zimebadilika, miongozo imebadilika. Walipwe. Muda wa maongezi na bando visitoke mfukoni mwa muuguzi, awe anayepiga au anayepokea. Tumeshajenga huduma nyingi mno juu ya bando la muuguzi. Kila ushauri uandikwe kwenye faili la mgonjwa, na jina la aliyeutoa, saa, na alichosema, ili asubuhi daktari ausome na ili asiwepo wa kukana. Na muuguzi wa mbali asizidishe mipaka: hali ikihitaji rufaa, sentensi yake ya kwanza iwe "piga 115 sasa" au "mwite daktari sasa", maelezo yafuate baadaye.

Anayepiga simu asikemewe. Hili kwangu ndilo gumu kuliko umeme na mtandao vyote pamoja. Nimekaa kwenye taaluma hii zaidi ya miaka arobaini na nimeona wauguzi wetu vijana wakibaki na swali mdomoni kwa kuogopa kumwamsha metroni, mkuu wao. Nimekuwa metroni huyo. Binti wa miaka 23 akikupigia saa tisa usiku kukuuliza jambo ambalo wewe unaliona la darasani, mshukuru. Amekupigia akiwa bado ana muda.

Kuhusu faragha. Najua, na ninyi mnajua, kwamba tayari mnashauriana. Picha ya kidonda, picha ya chati yenye jina na namba ya faili, inatupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Nia ni njema kabisa, mgonjwa anatafutiwa msaada. Lakini mwili wa mama wa watu umeshatembea mikoa mitatu bila yeye kujua, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Namba moja inayotambulika, yenye watu wanaojulikana, itatutoa kwenye makundi yale. Na ikifika siku ya kamera, ipige hodi. Kule Marekani katika hospitali nyingi hulia kengele kwanza kabla sura ya muuguzi haijatokea, na mgonjwa anaweza kukataa. Sisi tuna neno letu zuri zaidi ya kengele. Hodi. Mpaka mgonjwa aseme karibu, kamera itazame ukuta. Wodi ya wazazi, pazia kwanza.

Umeme na mtandao sitavikalia sana. Kila mmoja hapa anajua usiku wa dhoruba ziwani mambo yanavyokuwa. Ndiyo maana nasema simu ya kawaida, ile ya vitufe, iwe msingi, na sola ndogo ya kuchajia iwe ya kituo. Wauguzi wanaopanga huduma kwa kutegemea kioo peke yake, siku kioo kikizima watakuwa mimi wa 1986, na mlangoni hakuna mtu.

Nigeukie meza kuu, kwa heshima zote.

Viongozi wetu, najua jambo hili likifika kwenye vikao vya bajeti, wapo watakaosema: vizuri, kama kuna muuguzi wa kwenye simu, basi wodi hii itatosha mmoja badala ya wawili. Naomba hilo lisisemwe. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakiongozwa na Linda Aiken walichapisha walichokuta katika hospitali 168 za jimbo lile: kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu. Sisi tunahesabu kwa makumi. Na mwaka 2025 watafiti wa chuo hicho hicho walitoa majibu ya wauguzi 880 wa kitandani waliofanya kazi pamoja na muuguzi wa mbali. Zaidi ya nusu walisema mzigo wao haukupungua. Wengine walifurahia kuwa na jicho la ziada, lakini pia walieleza kazi kufanywa mara mbili: wa mbali ameuliza, wa kitandani anauliza tena.

Majibu hayo hayanikatishi tamaa, yananifundisha mahali pa kuweka mguu. Muuguzi wa mbali akipewa kazi yake kamili, inayoanza na kuishia kwake, mzigo unashuka. Elimu ya kuruhusiwa iwe yake yote. Kufuatilia mgonjwa nyumbani kuwe kwake. Ushauri wa usiku uwe wake. Akiwekwa juu ya wauguzi waliopungukiwa ili ionekane kwenye ripoti kwamba wodi ina watu, hapo tumemwongezea aliyepo mtu mwingine wa kumjibu wakati mgonjwa anaita. Mikono ihesabiwe kwanza. Nafasi zilizo wazi zijazwe, wahitimu walioko mtaani waajiriwe. Usiku ule kisiwani tulikuwa wawili. Mhudumu angekuwa kwenye simu na mimi peke yangu chumbani, nani angemshika mtoto wakati naweka mpira?

Wanafunzi wa uuguzi mliokaa nyuma, nimewaona mnaandika. Kazi hii haitawafanya mshike wagonjwa kidogo. Mkianza kazi mtakuwa mikono kwa miaka mingi, na ndivyo inavyopaswa, maana hakuna anayeweza kumwelekeza mtu kwa simu namna kizazi kinavyolegea ikiwa hakuwahi kukihisi chini ya kiganja chake. Miaka hiyo ya mikono ndiyo itakayowapa sentensi za kusema baadaye.

Yule mhudumu wangu alifariki mwaka 2003. Hakuwahi kuwa na cheti cha uuguzi, na hakuna ripoti iliyoandika kwamba usiku ule aliokoa mtu. Mtoto yule aliyezaliwa, nimeambiwa ana watoto wake sasa, anaishi Nansio.

Kabla hatujakwenda kunywa chai, nina ombi moja. Kuna karatasi kwenye meza ile ya pembeni, ina safu tatu: jina, lugha unazozungumza, na usiku gani kwa wiki unaweza kukesha na simu. Wastaafu mliopo ukumbini, naomba msimame, hata kama magoti yanauma, ili vijana hawa wawaone sura. Vijana, toeni simu zenu. Msiende kwenye chai kabla kila mmoja hajachukua namba ya mama mmoja au baba mmoja aliyesimama. Leo usiku kuna watu humu wanaingia zamu.